Mtoto katolewa mafindofindo: Anywe, ale, na siku ya saba asisahauliwe

Akina mama kadhaa hapa Usagara wameniuliza suala moja. Mtoto katolewa mafindofindo, au tonsesi kama wengi wetu tunavyosema, karudi nyumbani, hataki kula, na bibi yake anasema asipewe kitu mpaka donda likauke. Naomba leo tulizungumze hilo, kwani donda la koo halikauki kama la mguu, na mtoto asiyekunywa ndiye anayerudi hospitali.

Kwanza tuondoe mchanganyo. Mafindofindo ni vinyama viwili vilivyoko pande mbili za koo. Kimeo ni kile kilimi kinachoning'inia katikati. Kukata kimeo mitaani hakuondoi tonsesi wala hakutibu kikohozi. Kinachopatikana ni kuvuja damu, pepopunda, na hata virusi vya UKIMWI kwa wembe uliokwishatumika. Nimeona ya kutosha, sitaki kuirefusha.

Mtoto akishatolewa tonsesi hospitalini, kwa kawaida donda haliachwi na bandeji. Linapona likiwa wazi mle kooni, kwa muda wa wiki mbili hivi. Baada ya siku moja au mbili hufunikwa na utando mweupe au wa manjano. Wazazi wakimulika kwa tochi husema ni usaha. Si usaha, ni gamba la donda, na mahali penye mate gamba huwa hivyo. Usilikwangue kwa kidole wala kulipaka kitu kwa pamba. Kinywa kitanuka siku hizo, na masikio yatauma ingawa hayana ugonjwa, kwa sababu mshipa wa fahamu wa koo hutoa tawi kwenda sikioni. Basi hakuna haja ya kumtia matone ya sikio.

Maumivu hayapungui moja kwa moja. Mara nyingi huzidi tena kati ya siku ya tatu na ya saba, na hapo mzazi hudhani mambo yameharibika. Mpe parasetamo kwa kufuata saa, usingoje alie. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 apate miligramu 300, yaani mililita 12.5 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa, maana ziko zenye nguvu zaidi. Mpe nusu saa kabla ya chakula, koo limlegee. Aspirini asipewe kabisa, huzidisha kuvuja damu. Dawa zenye kodeini, zikiwemo baadhi za kikohozi, nazo asipewe: mwaka 2013 Marekani iliikataza kodeini kwa watoto waliotolewa tonsesi, baada ya baadhi yao kufa kwa kuishiwa pumzi. Miili ya watu wengine huigeuza haraka kuwa mofini.

Sasa chakula. Kinywaji ndicho cha mwanzo: maji yaliyochemshwa na kupoa, dafu, maziwa, uji wa mchele uliopoa, mafunda madogo madogo kila anapokuwa macho. Koo lililokauka huuma zaidi, na asiyemeza misuli yake hukakamaa. Angalia mkojo, ukiwa mchache na wa rangi nzito, au hajakojoa kwa saa 12, mpeleke hospitali. Barafu humpoza sana, ila tengeneza mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, na isiwe nyekundu, ili akitapika usibabaike kama ni rangi au ni damu.

Akianza kutamani, mpe bokoboko, mseto, ndizi mbivu, papai, viazi vilivyopondwa, mtindi usio mkali. Zamani tukiambiwa vitu vigumu ni haramu kwake wiki mbili nzima. Siku hizi akiweza kula wali na samaki aliyetolewa miba, mwache ale, kutafuna humsaidia. Vinavyochoma ndivyo vya kuahirisha: machungwa ya Muheza, ukwaju, achari, embe mbichi na pilipili, na chai ya moto. Bisi na mihogo iliyokaangwa ikakauka pia ingoje.

Mswaki apige taratibu. Katika udhu, kusukutua ni sunna kwetu tuliosoma Kishafii. Atie maji kinywani na kuyatoa polepole, asigugumize kooni. Kwa mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji huu Ramadhani ikiwa imeingia, ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa baadaye imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mtu asijikaushe koo kwa kuona haya majirani.

Jambo la kuogopwa ni damu. Hutoka ndani ya saa 24 za mwanzo, au baadaye, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, gamba linapobanduka. Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa binti siku ya nane. Alikuwa keshaanza kucheza, na nyumbani hakuna aliyeona damu kwa sababu alikuwa akiimeza usingizini. Waligundua alipotapika mabonge meusi. Alhamdulillahi aliwahi. Basi usiku mmulike mtoto. Akimezameza mara kwa mara hali amelala, mwamshe umtazame koo. Damu mbichi, hata kijiko kimoja, au matapishi meusi: mkalishe ameinama mbele, ateme, asimeze, na uondoke naye saa ile ile. Ikikatika njiani usigeuze, kwani huweza kutangulia nyingine kubwa.

Kwa aliye mjini, Bombo ni karibu. Mliofanyiwa Muhimbili au KCMC, muulizeni daktari kabla ya kupanda basi la Tanga, na ikiwezekana mkae kwa jamaa karibu na hospitali mpaka siku 10 zipite. Wa Pangani na Lushoto nao wafanye hivyo hapa mjini. Shule, madrasa na mpira visubiri wiki mbili.