Woga wa Usukani? Hauko Peke Yako!

Umetimiza miaka 18, leseni ya kujifunzia unayo, "L" umebandika. Lakini ukiingia Kariakoo tu, daladala inakupigia honi nyuma, bajaji inakuchomekea mbele. Viganja vinatoka jasho, moyo unadunda. Je, wewe mwoga? Wala! Mwili ukihisi hatari hutoa adrenalini, homoni inayoharakisha moyo na pumzi.

Dawa ni mazoezi ya hatua kwa hatua. Anza Jumapili asubuhi na mwalimu wako, barabara zikiwa tupu. Kariakoo iwe ya mwisho. Acha nafasi ya sekunde 2 au zaidi nyuma ya gari lililo mbele. Ukichomekewa, punguza mwendo, nafasi irudi. Ukisimama kwenye taa nyekundu, vuta pumzi taratibu, itoe polepole. Ukizidiwa, washa indiketa, egesha mahali salama, tulia kwanza.

Wapo watakaokuambia, "Piga bia moja utoe woga." Usithubutu! Pombe hukuchelewesha kuiona hatari na kufunga breki. Woga kidogo hukukumbusha kutazama vioo. Kuchelewa kufika si aibu. Je, ukimgonga mtoto anayevuka kwenda shule?