Watamu kwa Miguu: Cheki Maji Kwanza!

Mbogi ikishuka Watamu, msimalize wikendi kwa pool. Vaeni raba mtembee.

Asubuhi, ingieni Gede, mji wa mawe ulioachwa karne ya 17. UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2024. Karibu na hapo kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Chukueni gaidi, ndani ni rahisi kupotea. Jioni, Mida Creek, mpite daraja la mbao juu ya mikoko.

Lakini rada ni hii: maji yakipwa, ufuoni mnatembea mpaka kwa vile visiwa vya mawe. Kupwa hadi kujaa ni kama masaa sita tu, na mwezi mpevu huyapandisha zaidi. Ulizeni wavuvi saa ya kurudi. Selfie itangoja, bahari haingoji.