Je, Wajua? Uzito Ulio Juu ya Meza ya Samaki

Tangi la samaki wa baharini lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50 hujaa lita 300. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yanapita kilo 300, kabla ya vioo, mchanga na mawe.

Ajabu ni kwamba mbao za meza inayobeba tangi haziogopi uzito huo. Nguzo nne nene zilizosimama wima huubeba bila shida. Kinachoiangusha meza ya kujiundia ni kuyumba upande, ndiyo maana fundi mjuzi hufunga plaiwudi mgongoni au hutia ubao wa mshazari. Mbao za juu nazo zilale juu ya vichwa vya nguzo. Zikishikiliwa kwa skrubu tu ubavuni, basi mzigo wote ni wa skrubu.

Usisahau pimamaji: uso ukipinda, kioo chaweza kupasuka. Na chumvi hutambaa. Matone yakikauka huacha ukoko mweupe unaotia kutu misumari ya kawaida, hivyo tafuta skrubu zisizoshika kutu, upake vanishi mpaka ndani.