Kikombe Kinapoponyoka: Dalili za Awali za Maradhi ya Huntington

Hapana nyumba ambayo kikombe hakijapata kumponyoka mtu mkononi. Lakini katika ukoo wenye maradhi ya Huntington, kikombe kikianguka, macho yote humgeukia aliyekishika. Je, ilikuwa haraka tu, au ndiyo yameanza?

Maradhi haya ya ubongo hurithiwa. Aliyeyaeleza kwa ufasaha mwaka 1872 ni George Huntington, daktari wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 22. Babu yake na baba yake, nao matabibu, walikuwa wamewatibu watu wa koo zile zile kwa miaka mingi, na kumbukumbu zao ndizo zilizomwonyesha kuwa ugonjwa huu hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Mwaka 1993 wanasayansi waliipata jeni yenye kasoro katika kromosomu ya 4. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Asiyeirithi hawezi kuwarithisha wanawe.

Aghalabu maradhi hudhihirika baina ya umri wa miaka 30 na 50, wakati mtu ameshajenga nyumba na kuzaa. Hata hivyo, uchunguzi wa watu wenye jeni hiyo umeonyesha kuwa mabadiliko madogo huweza kuanza zaidi ya miaka 10 kabla. Vidole huchezacheza bila hiari. Macho huchelewa kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Mtu akiambiwa atoe ulimi, huutoa, lakini hushindwa kuutuliza nje. Hayo ndiyo daktari huyatazama.

Sisi wa nyumbani huona mengine. Mpole huwa mwepesi wa hamaki. Aliyezoea kupanga matumizi ya mwezi mzima hushindwa kupanga shughuli za siku moja. Huzuni humkalia asiyekuwa na msiba. Na hapa ndipo tunapodhulumiana: mke hudhani mume amemchoka, majirani humwona anapepesuka wakasema amelewa, na wengine hudai kapandwa na pepo. Mgonjwa naye huenda asizione dalili zake kabisa. Huo si ukaidi, kwani ubongo ulioathirika ndio ule ule anaoutegemea kujitambua. Kwa hiyo ni vyema aandamane na mtu wa karibu hospitalini, aeleze kwa upole aliyoyaona na tangu lini.

Pamoja na hayo, tusikifanye kila kikombe kuwa hukumu. Uchovu, wasiwasi na kukosa usingizi pia huleta usahaulifu na hasira. Mwenye kujua hakika ni daktari bingwa wa neva, baada ya kumpima na kumfuatilia, pamoja na kipimo cha damu cha kuitafuta jeni. Asiyekuwa na dalili hupimwa akiwa mtu mzima, kwa hiari yake, baada ya ushauri nasaha. Watoto wasio na dalili hawapimwi. Wala si halali jamaa kumlazimisha mtu kupimwa, hata posa ikiwa mlangoni. Siri ya damu yake ni amana.

Kwetu Waafrika liko jambo la kuongeza. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana mno na huu, unaotokana na jeni tofauti, na karibu wote waliopatikana nao wana asili ya Afrika. Kipimo cha Huntington kikitoka salama ilhali dalili zinaendelea, tumuulize daktari kuhusu huo.

Tiba ya kuyaondoa maradhi haya bado haijapatikana. Lakini zipo dawa za kupunguza kuchezacheza kwa viungo, na sonona hutibika. Mgonjwa akitamka kuwa amechoka kuishi, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Basi kikombe kikianguka, na tuokote vigae kwanza. Ya kuuliza tutayauliza baadaye, faraghani, kwa sauti ya chini.