Visiwa vya Turkana Vinangoja Wasomaji

Mtaa wa Fedha, mashariki mwa jiji la Nairobi, uko karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na wakazi wake wamezoea ngurumo za ndege kama watu wa pwani walivyozoea mawimbi. Ndani ya ndege hizo wamo wageni waliotoka nchi za mbali kuja kuwaona wanyama wetu. Wakati huo huo, katika darasa lililo chini ya mapito ya ndege hizo, mwanafunzi wa sekondari anajiandaa kwa mtihani wa Biolojia na anakariri habari za visiwa vya Galápagos. Anajua kwamba Charles Darwin alifika huko mwaka wa 1835. Anajua kwamba huko wapo makobe wakubwa ajabu, na ndege wadogo ambao midomo yao hutofautiana kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Ukimwuliza habari za Kisiwa cha Kati, Kisiwa cha Kusini na Kisiwa cha Kaskazini, yamkini atakutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini.

Visiwa hivyo vitatu ni vya volkeno, sawa na vile vya Galápagos, na vimo ndani ya nchi yake mwenyewe, katika Ziwa Turkana. Hoja ya makala haya ni kwamba umefika wakati wa walimu na wanafunzi wetu kuvisoma. Ninasema kuvisoma kwa makusudi. Neno utalii, ambalo leo hutukumbusha kamera na hoteli, asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusoma na kuchunguza jambo kwa makini. Kwa hiyo mtalii, kwa asili ya jina lake, ni msomaji. Tumewaachia wageni kazi hiyo kwa muda mrefu mno.

Tuanze na hao Galápagos, maana hapana ubaya kujifunza kwa jirani, hata jirani akiwa upande wa pili wa dunia. Visiwa hivyo ni vya Ekwado na viko kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani yake. Darwin alikaa huko kwa muda wa majuma matano tu. Siku hizi mgeni wa kawaida hukaa juma moja, akilala melini usiku wakati meli inapovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kushuka mchana kutazama wanyama. Meli hizo si kubwa, kwani sheria hairuhusu zipite abiria 100. Wageni hutembea katika vikundi vidogo, wakiongozwa na mtu aliyefunzwa na kupewa kibali, na hawaruhusiwi kuacha njia iliyowekwa. Mwaka wa 2024 ada ya kuingia kwa wageni wengi wa kigeni iliongezwa kutoka dola 100 hadi dola 200. Mwaka wa 1978 visiwa hivyo vilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa tugeuze nyuso zetu kaskazini. Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi, nalo ni ziwa kubwa kupita yote duniani miongoni mwa yale yaliyo jangwani na yasiyokauka. Maji yake yana magadi, na sehemu kubwa kabisa ya maji hayo huletwa na mto Omo kutoka Uhabeshi. Hakuna mto utokao ziwani. Maji hupungua kwa kufyonzwa na jua na upepo tu. Katikati ya ziwa hilo ndipo moto wa Bonde la Ufa ulipopasua na kuinua visiwa vyetu.

Hebu msomaji tufanye safari ya juma moja kwa fikira. Siku ya kwanza tutoke Lodwar hadi Kalokol, mji wa wavuvi ulio ufuoni magharibi. Siku ya pili tuitumie katika Ghuba ya Ferguson, ambako ndege wa majini hukusanyika, wakiwamo wale wanaohama kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Siku ya tatu tuvuke kwa mashua ya injini hadi Kisiwa cha Kati. Kisiwa hiki ni kidogo, kiasi cha kilomita 5 za mraba, lakini ni kitabu chenye kurasa nyingi. Ndani yake mna maziwa matatu yaliyojaa katika kasoko, yaani mashimo yaliyoachwa na milipuko ya volkeno. Moja huitwa Ziwa la Mamba, la pili Ziwa la Heroe, na la tatu Ziwa la Tilapia. Mamba huzaliana hapo, na mvuke wenye harufu ya kiberiti bado hufuka kutoka ardhini.

Mwalimu wa Jiografia anataka nini zaidi ya hayo? Mwalimu wa Biolojia naye ana maswali tele ya kuwauliza wanafunzi wake papo hapo. Kwa nini heroe wapende ziwa moja na waache jingine, ilhali hatua chache tu ndizo zinazoyatenga? Samaki waliofungiwa ndani ya kasoko wanaishije mbali na wenzao wa ziwa kubwa? Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyomshughulisha Darwin.

Siku ya nne na ya tano tuvuke hadi ufuo wa mashariki, kwenye Hifadhi ya Sibiloi na Koobi Fora, ambako visukuku vya binadamu wa kale vimefukuliwa kwa zaidi ya miaka 50. Kule ng'ambo ya magharibi, Nariokotome, ndiko Mkenya Kamoya Kimeu alikogundua mwaka wa 1984 mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu waliwezaje kuhesabu miaka hiyo? Walisaidiwa na majivu ya volkeno. Kila mlipuko uliacha tabaka lake la majivu, na majivu yanaweza kupimwa umri. Mfupa ulio chini ya tabaka ni mkongwe kuliko tabaka, na ulio juu ni mchanga kuliko hilo. Moto ulioumba visiwa ndio pia ulioandika tarehe za wazee wetu. Hapo msomaji utaona kinaya chetu: tunampeleka mtoto Galápagos akajifunze mabadiliko ya viumbe, na huku mifupa iliyotumiwa kuyathibitisha imelala nyumbani kwake.

Siku ya sita tuelekee kusini hadi Loiyangalani, na ya saba tuikaribie Kisiwa cha Kusini, ambacho ni kikubwa, kama kilomita 39 za mraba. Hapa pana sharti la kuheshimu upepo. Upepo wa huko ni mkali kiasi kwamba mradi wa umeme uliozinduliwa mwaka wa 2019 karibu na Loiyangalani una mitambo 365 inayozungushwa nao. Mwaka wa 1934 msafara wa wanasayansi ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs uliwapeleka wawili wao, Martin na Dyson, katika kisiwa hicho. Hawakuonekana tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika ziwa hili mkuu ni mvuvi mwenyeji ajuaye saa ya kuvuka na saa ya kutulia.

Matangazo ya utalii huviita visiwa kama hivi "vya mbali". Mwanafunzi wa lugha anapaswa kuuliza: mbali na nani? Kwa mvuvi wa Kalokol, kilicho mbali ni Fedha. Kwa Mwelmolo wa Loiyangalani, ziwa liko mlangoni. Neno mbali halina maana mpaka tumjue anayesema na aliposimama. Sisi tumeazima macho ya mgeni, tukaita mbali kilicho chetu, na karibu kilicho katika kitabu chake. Hata jina la ziwa lina hadithi hiyo. Waturkana waliliita Anam Ka'alakol, kwa maana ya bahari ya samaki wengi. Wenye kusema Kimaa waliliita Basso Narok, ziwa jeusi. Mwenye kuujua mji wa Narok anaitambua sifa hiyo ya weusi. Teleki na von Höhnel walipofika mwaka wa 1888 waliliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakupata kuliona, na Kisiwa cha Kusini kikapewa jina la von Höhnel mwenyewe. Jina la Turkana lilikuja kuwa rasmi mwaka wa 1975.

Habari ya Waelmolo ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu. Watu hawa wachache, wavuvi wa tangu jadi, walikuwa na lugha yao ya jamii ya Kikushi. Kwa kuchanganyika na Wasamburu waliihama, wakachukua Kisamburu. Mapema katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kijerumani Bernd Heine aliwahi kukusanya msamiati kwa wazee waliokuwa bado wakiikumbuka. Leo haina msemaji wa kuizungumza kikamilifu. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1992, Matthias Brenzinger alionyesha jambo la kutia moyo: katika Kisamburu cha Waelmolo yalisalia maneno ya lugha ya kale, hasa yale ya uvuvi na ya ziwa. Lugha ilikufa, lakini maneno ya kazi yakabaki, kwa kuwa kazi yenyewe iliendelea kufanywa. Kisamburu cha wafugaji hakikuwa na majina ya kutosha ya mambo ya majini, basi mvuvi akayashika ya babu zake.

Funzo hilo ni la Kiswahili pia. Tunalalamika kila mwaka kwamba istilahi zinazobuniwa na wataalamu hufia katika vitabu. Neno kasoko limo katika kamusi, lakini ni wanafunzi wangapi wanaolitumia? Istilahi haiishi kwa kutangazwa. Huishi kwa kutumiwa na mtu mwenye haja nayo. Mwanafunzi aliyesimama ukingoni mwa kasoko, akaona heroe chini na kunusa kiberiti, hatalisahau neno hilo. Aliyelikuta katika orodha ya msamiati atalisahau siku ya pili baada ya mtihani.

Kuna watakaosema haya ni ndoto za mhadhiri. Watauliza: mzazi wa Fedha, anayehangaika na kodi ya nyumba na karo, atatoa wapi nauli ya Turkana? Swali ni la haki. Jina la mtaa halimpi mkazi fedha mfukoni. Barabara ni ndefu, usalama hauna budi kuhakikishwa, na hakuna meli za kitalii ziwani za kulinganishwa na zile za Galápagos. Wala sitamani zije kwa pupa, zikawanufaisha wenye hoteli na kumwacha mvuvi akiwa mpagazi. Lakini shule zetu hufanya ziara kila mwaka, nyingine mpaka Mombasa. Si lazima shule nzima iende. Na wasioweza kwenda kabisa wanaweza kuifanya safari hiyo darasani kwa juma moja: ramani ukutani, walimu wa Jiografia, Biolojia, Historia na Kiswahili wakishirikiana, na kila mwanafunzi akiandika shajara ya siku saba kwa Kiswahili fasaha. Gharama yake ni chaki na bidii.

Tena, hatuna muda mrefu. Sibiloi na Kisiwa cha Kati vilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2018 UNESCO iliviweka pamoja katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya hofu juu ya bwawa la Gibe III, lililozinduliwa mwaka wa 2016, na mashamba ya miwa kando ya mto Omo. Ajabu ni kwamba katika miaka ya karibuni ziwa limepanda badala ya kushuka, likafunika makazi ufuoni. Jambo hilo halipaswi kutulaza usingizi. Ziwa linalotegemea mto mmoja kwa sehemu kubwa ya maji yake liko mikononi mwa anayeushika mto huo, na samaki hutegemea mafuriko yaje kwa majira yake.

Galápagos nayo iliwahi kuwekwa katika orodha hiyo ya hatari, mwaka wa 2007, ikatolewa mwaka wa 2010. Ilikuwa na watetezi katika kila nchi, wengi wao wakiwa watu wasiopata kukanyaga huko. Waliijua kwa sababu walifundishwa shuleni. Visiwa vya Turkana vitatetewa na nani, ikiwa hata mtoto wa Kenya hajui majina yake?

Basi mwalimu, muhula ujao utakapofika katika sura ya volkeno au ya mabadiliko ya viumbe, mfundishe mwanafunzi habari za Galápagos, kwa kuwa mtihani utazitaka. Kisha mwambie achore ramani ya Ziwa Turkana, atie visiwa vitatu mahali pake, na aandike chini ya kila kimoja jina lake na neno moja jipya la Kiswahili alilojifunza kwa ajili yake.