Al Oerter: dhahabu nne, rekodi za wengine

Mmarekani Al Oerter alishinda kurusha kisahani katika Olimpiki nne mfululizo: Melbourne 1956, Roma 1960, Tokyo 1964 na Mexico City 1968. Kabla yake hakuna mwanariadha aliyewahi kufanya hivyo katika shindano moja la mtu binafsi. Cha ajabu, mara zote nne aliingia uwanjani huku rekodi ya dunia ikiwa ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliivunja mara nne kati ya 1962 na 1964, na ndiye wa kwanza kupita rasmi futi 200, yaani karibu mita 61, lakini kila Olimpiki ilipowadia rekodi ilikuwa imeshahama. Wengi huona hapo kitendawili. Mimi naona kwamba katika mchezo huu rekodi na ubingwa hupima vitu viwili tofauti, na kwamba Oerter alistahili kila medali aliyovaa.

Tuanze na kisahani chenyewe. Cha wanaume kina kilo 2. Mrushaji husimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.5, uwanja ukiwa mgongoni kwake, huzunguka mara moja na nusu, kisha hukiachia. Kikishatoka mkononi hubebwa na hewa kama bawa la ndege, ndiyo maana upepo unaomjia mrushaji kwa mbele, hasa kwa upembeni, hukiongezea mita badala ya kukipunguzia. Mkimbiaji wa mita 100 akisukumwa na upepo unaozidi mita 2 kwa sekunde, rekodi yake haitambuliwi. Kwenye kisahani hakuna kikomo kama hicho. Mtu anaweza basi kuchagua kiwanja cha wazi na siku yenye upepo mzuri, akajaribu bahati yake. Mfano wa karibuni ni Mykolas Alekna wa Lithuania, aliyerusha mita 74.35 mwaka 2024 huko Ramona, Oklahoma, akaivunja rekodi iliyodumu tangu 1986. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, alishika nafasi ya pili kwa mita 69.97, nyuma ya Mjamaika Rojé Stona aliyefikisha 70.00. Olimpiki haikupi nafasi ya kuchagua siku, wala upepo, wala jirani wa kushindana naye.

Atakayebisha atasema kuwa Oerter aliokolewa na bahati. Mexico City mvua kubwa ilichelewesha fainali, duara likalowa, na Jay Silvester, mwenye rekodi ya mita 68.40, akaishia nafasi ya tano. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Oerter angeshinda kwa mrusho mmoja wa kubahatisha. Alirusha mita 64.78, kisha mingine miwili iliyopita 64, wakati mshindi wa pili, Lothar Milde wa Ujerumani Mashariki, alikuwa na 63.08. Wowote kati ya mirusho hiyo mitatu ungempa dhahabu, na duara lililowalowea wenzake lilimlowea na yeye. (Kwetu Michezo ile inakumbukwa zaidi kwa Kipchoge Keino kumwacha Jim Ryun, naye mwenye rekodi ya dunia, katika mita 1,500.)

Tokyo ndiko hoja ya bahati inapovunjika kabisa. Siku chache kabla ya shindano alichanika gegedu la mbavu, juu ya tatizo la shingo lililokuwa likimlazimu kuvaa kola. Madaktari walimtaka apumzike. Yeye akafungwa bandeji kifuani, akaingia. Ludvík Daněk wa Chekoslovakia, mwenye rekodi, aliongoza mpaka mrusho wa tano, Oerter alipofikisha mita 61.00. Roma pia alikuwa nyuma hadi mrusho wa tano, na aliyemwonyesha kosa la mkono wake alikuwa mpinzani aliyekuwa akiongoza, Mmarekani mwenzake Rink Babka. Dhahabu hiyo ina deni kwa uungwana wa Babka, sikatai, ila ushauri wa dakika ile humfaa tu mtu ambaye mwili wake unaweza kuutii papo hapo.

Uwezo huo hakuununua kwa pesa. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika kampuni ya kuunda ndege ya Grumman, Long Island, na alifanya mazoezi bila kocha: alitandika taulo kwenye nyasi pale alipotaka kisahani kianguke, akairushia.

Mwaka 1980, akiwa na miaka 43, alirejea na kurusha mita 69.46, mbali kuliko mrusho wowote uliompa dhahabu. Mwaka huohuo, kwenye mchujo wa timu ya Marekani, alishika nafasi ya nne, na nafasi zilikuwa tatu. Hata hao watatu hawakwenda, kwa kuwa Marekani ilisusia Michezo ya Moscow, ambako Viktor Rashchupkin wa Umoja wa Kisovieti alishinda kwa mita 66.64.