Je, Wajua? Kapasita moja mbovu humaliza betri ya redio ya valvu

Ukiletewa pale Tarime redio ya valvu ya miaka ya 1950, ile ya betri kavu iliyofaa vijiji visivyo na umeme, usikimbilie kubadili valvu. Anza na gridi. Valvu ya DL94, inayosukuma spika, ikipewa volti 90 kwenye anodi, gridi yake hutakiwa kuwa hasi kwa volti 4.5 hivi. Hasi hiyo ndiyo inayobana mkondo wa anodi ubaki kwenye miliampea 9.5. Ukigusisha mita hapo ukakuta chanya, ishuku kapasita ya karatasi inayoleta sauti kutoka valvu iliyotangulia: ikizeeka huvujisha. Sauti inakwaruza, betri inakwisha upesi, na betri ya volti 90 siku hizi kuipata ni kazi. Badili kapasita hiyo, hata kama kwa macho ni nzima. (Volti 90 nazo si za kuchezea.)

Gridi za valvu za mwanzo nazo hupewa volti hasi, lakini kitasa cha sauti hakizigusi. Hizo hudhibitiwa na redio yenyewe: dayodi hutoa volti hasi inayokua kadiri stesheni inavyoingia kwa nguvu, nayo hurudishwa kwenye gridi hizo kupunguza ukuzaji. Usiku pale mjini Mugumu, mawimbi ya mbali yanapopanda na kushuka, ndipo faida ya udhibiti huo husikika. Njia inayorudisha volti hiyo ikipiga shoti, stesheni dhaifu utazipata vizuri tu. Zenye nguvu ndizo zitakazovurugika.